Mama Nthofeela na Rangi Inayorudi Papo Hapo

Sasa hivi mwanangu Kananelo amezima taa ya chumba cha chai, akaiwasha, akaizima tena, na kila mara anainua uso kuona kama imemtii. Tabia hiyo ameiokota kwa Mama Nthofeela Ramoeletsi, fundi mkuu wa maabara yetu ya mwanga hapa mjini Phuthaditjhaba. Kesho Ijumaa, tarehe 28 Juni, Mama anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwasha na kuzima.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na Profesa Hlalele, mkuu wa maabara, Mama akakataa. "Profesa ataandika mambo ambayo hata mume wangu hatayaelewa," alisema. "Aandike Mantoa. Ndiye anayeosha vyombo vyangu, uchafu wangu wote anaujua." Basi naandika mimi Mantoa, na mkiona kosa, mlaumuni aliyenituma.

Mama aliajiriwa kutengeneza majokofu ya maabara. Siku alipoonyeshwa nukta za kwantumu, majokofu yakapata fundi mwingine. Kwa asiyezijua, ni chembe ndogo kupindukia, jicho haliwezi kuziona moja moja. Zikiwa kwenye chupa unaona kama maji ya rangi tu. Zimulike kwa taa ya buluu, zinawaka: zilizo ndogo hutoa kijani, zilizo kubwa hutoa nyekundu. Mama alitaka kujua zinakuwaje zikiwekwa kwenye umeme mkali. Anazipaka tabaka jembamba kuliko unywele kati ya mabamba mawili ya kupitisha umeme, anawasha, na ile nguvu iliyo kati ya mabamba, ambayo huitwa uga wa umeme, inazishika.

"Ndani ya kila nukta kuna mume na mke, chaji hasi na chaji chanya, wamejifunika blanketi moja," huwaambia wageni. "Uga unamvuta mume huku, mke kule. Blanketi halitoshi, nyumba inapoa." Ndipo mwanga unapofifia, na rangi yake inasogea kidogo upande wa nyekundu. Ukikata umeme, wanarudiana. Mumewe, Mzee Ramoeletsi, aliusikia mfano huo akauliza mbele ya wageni ni nani hasa anayevuta blanketi nyumbani kwao. Mama akamwambia anywe chai yake.

Watu wa nchi nyingine wameshaiona rangi ikisogea hivyo. Mama alitaka aione kwa nukta tulizozipika wenyewe, kwenye mashine aliyoifunga kwa mikono yake, kabla hajakabidhi funguo. Hilo tu.

Chumbani mwake kuna sheria moja: ukigusa mashine, mkono mmoja uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Koti lisilo na mfuko analishonea mfuko mwenyewe. Kila mwanafunzi aliyepita hapa ameondoka na mfuko wa Mama Nthofeela, wengine wa kitambaa cha maua, na hakuna hata mmoja aliyepigwa na umeme. Magwinya yake ya asubuhi, yale maandazi ya kukaangwa, ndiyo yameshaunguza midomo ya wengi.

Mwaka jana, kwenye baridi ya Agosti, tulidhani tumefika. Umeme ulipowashwa, kile kilele kinachoonyesha rangi kwenye kompyuta kikasogea upande wa nyekundu, tena kwa hatua kubwa. Watu wakapiga makofi. Dineo, mwanafunzi wake, akakumbatia kiti kwa kukosa mtu wa karibu. Profesa alikuwa ameshamtuma mtu akalete keki. Mama alikata umeme, akabaki anatazama. Kilele kilirudi, lakini polepole, kama sufuria iliyoepuliwa.

"Huo si uga," akasema. "Uga ukikatwa, rangi inarudi papo hapo. Hili ni joto. Umeme umevuja ndani ya tabaka, tumechemsha nukta kama mayai."

"Mama, si ungenyamaza tu mpaka keki ije," Dineo akamwambia, machozi yakimlengalenga.

"Keki tutakula. Uongo ndio sitakula."

Keki ikaja. Profesa alikata kipande kikubwa akampelekea Mama mezani, akamwambia yuko sahihi, tuanze upya.

Walianza upya kweli. Waliongeza tabaka la kuzuia umeme usivuje, na wakawa wanautia kwa mipigo mifupi ili joto lisipate nafasi. Vipande vingine vya majaribio vililipuka kwa cheche. Vingine viliuawa na mgao wa umeme, maana ukirudi hurudi kwa kishindo. Kila kipande kikifa, Mama hukivulia kofia yake ya sufu, kisha hudai kingine. Kimebaki kimoja. Wamekiweka kwenye mashine baada ya chakula cha mchana, yeye na Dineo, na mlango wao umefungwa tangu hapo. Mimi nipo huku na kalamu, na sisikii kitu.

Mama, nilikuja hapa na ujauzito, sijamaliza shule, nikiogopa hata kugusa chupa. Ulinishonea mfuko siku hiyo hiyo. Sasa unanisukuma nirudi kwenye masomo ya jioni, nami nimejiandikisha, ujue. Uone au usione leo, tumejifunza kwako kusubiri kitu cha kweli. Asante. Lala hadi jua lifike mlimani, umsumbue Mzee Ramoeletsi, na

Dineo yuko mlangoni, anahema. "Dada Mantoa, wacha kalamu. Kilele kimesogea, amekata umeme, kimerudi kabla hajainua kidole. Mara tatu. Anasema mlete Kananelo abonyeze ya nne, mkono mmoja mfukoni."

Naja, nimalizie tu. Mama Nthofeela, sisi sote tunakutakia maisha ya