Mwanatumu binti Badi, Sauti ya Jumatatu ya Sinema Nuru

Ninyi nyote mliokuja kumsomea Bi Mwanatumu binti Badi, wa hapa Majengo na mliovuka kutoka Koyama na Chula, Mola awalipe kwa hatua zenu. Maneno haya yameandikwa na mjukuu wake Tasnim, yasomwe baada ya khitma na yatumwe kwa jamaa walio mbali. Marehemu mwenyewe hakupenda sifa za maiti. Alikuwa akisema kwamba mtu akishafukiwa tu, ghafla huwa hajapata kugombana na jirani. Basi tuseme mapema: aligombana na majirani, akapatana nao, na wengi wao wamo humu ndani leo.

Alizaliwa kisiwani Chula mwezi wa Agosti mwaka 1944, kifungua mimba wa mzee Badi, seremala, na Bi Fardowsa, aliyekuwa akisuka mikeka. Mwaka 1952 mzee Badi alipata kazi ya useremala bandarini Kismayo, akahamia mjini na jamaa yake yote. Walipanga hapahapa Majengo, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na Chula ikabaki kuwa mahali pa kwenda kula Idi.

Chuo cha Kurani alianzia Chula, akakihitimu Kismayo. Alitiwa pia skuli ya serikali, ambako masomo yalikuwa kwa Kitaliano, akakaa miaka minne. Mwalimu wake alimtaka aendelee. Mzee Badi akasema binti ameshakuwa mkubwa, yatosha, na neno la mzee Badi halikuwa na rufaa. Marehemu aliijutia skuli ile mpaka uzeeni. Kila mjukuu alipoleta cheti nyumbani alikitazama muda mrefu, halafu akauliza, "Na mbele ya hapa kuna n'ni?" Hata hivyo, Kitaliano cha miaka ile minne ndicho kilichompatia kazi.

Vijana hawaijui Sinema Nuru, kwa sababu leo lile jengo halina paa na ndani yake mna magunia ya makaa. Mwenyewe alikuwa Bwana Abdulrazaq, mfanyabiashara wa nguo, aliyeinunua kutoka kwa Mtaliano aliyekuwa akirudi kwao. Katika mauzo yale aliachiwa na kasha la picha za zamani, zile zisizo na sauti, ambazo katikati ya mchezo hutokea maandishi kueleza mtu amesema nini. Jumatatu baada ya alasiri ilikuwa siku ya wanawake, na mwanamume hakuruhusiwa kukanyaga ukumbini. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, maana maandishi yalikuwa ya Kitaliano, na waliojua kuyasoma walikuwa wanaume. Mwaka 1963 Bwana Abdulrazaq alikwenda kwa mzee Badi kumwomba binti aje kuwasomea wanawake. Mzee akakubali kwa sharti kwamba mama yake aketi kiti cha mbele kila Jumatatu, na Bi Fardowsa, aliyejifanya anapelekwa kwa nguvu, hakukosa hata mara moja.

Siku ya kwanza marehemu alisimama kando ya pazia jeupe akasoma kilichoandikwa, basi. Wanawake hawakuridhika. Waliona mdomo wa mtu unakwenda na kwenda, kisha wanasomewa maneno mawili. Bi Umi, rafiki yake wa utotoni, ambaye leo ameketi hapa mbele yetu, alipaza sauti kutoka nyuma: "Mwanatumu! Mchu anena muda wote ule, nawe watwambia 'ndiyo bwana' tu? Mengine wamwekea nani?" Tangu siku hiyo marehemu aliacha kusoma akaanza kusema. Alimtazama mtu usoni, akasema kwa Kibajuni kile alichoona kwamba uso ule unakisema.

Ndani ya kasha lile zilikuwamo picha za mwigizaji mmoja wa Hollywood, jina lake Viola Drayton. Wanawake wa Kismayo walimwita Bi Macho. Wengine katika picha hizo, kama alivyotueleza marehemu, walilia kwa mikono, wakajishika kifua, wakaanguka juu ya viti. Bi Macho hakufanya hayo. Katika picha ya mfua nguo aliyeachwa na mume, anapewa habari huku amekamata shati analolikamua. Halitupi. Analikamua mpaka mwisho, analitundika, analinyoosha ukosi, na ukosi ukishanyooka ndipo unapoona kwamba mtu huyu amekwisha. Katika picha nyingine ni mjane mwenye mnara wa taa, na kwa karibu nusu ya mchezo yeye hupanda na kushuka ngazi. Marehemu aliapa kwamba kila akipanda mgongo wake unasema jambo jipya. "Wale wengine waigiza kama wauza samaki," alisema. "Huyu hakuuzii kitu. Akuacha umwangalie." Alimsemea Bi Macho kwa miaka sita, na mjini ikawa akipita sokoni watoto wanaitana kwamba Bi Macho anapita.

Mwaka 1969, mwezi wa Mei, ililetwa kutoka Mombasa picha ya Bi Macho yenye sauti. Ilikuwa ya Kiingereza. Marehemu alikuwa akiisubiri kwa hamu ambayo sisi tuliijua uzeeni mwake, basi fikirieni ujanani. Alitaka kumsikia. Miaka sita alikuwa amemtilia maneno mdomoni, na sasa mwenyewe angesema. Jumatatu ilipofika aliketi kwa mara ya kwanza pamoja na wanawake wengine, mikono mapajani, kama mgeni.

Bi Macho alifungua kinywa, na ukumbi ukalipuka. Wanawake walikasirika. "Hiyo si sauti yake!" walipiga kelele. "Mchu huyu twamjua! Zima hiyo, Mwanatumu anene!" Bi Umi anakiri kwamba naye alipiga kelele, tena kuwashinda wote. Kwao sauti ya Bi Macho ilikuwa ya binti Badi, na huyu mgeni aliyekuwa akisema Kiingereza kwa kinywa chake alikuwa mwizi. Mtu mmoja alivua kiatu akakigonga juu ya kiti. Mwendesha mashine, kijana Nassoro, akaishusha sauti mpaka ikafa, na marehemu akainuka akaenda kusimama kando ya pazia.

Alituambia kwamba hakuna siku aliyofanya kazi vibaya kama siku ile, ingawa wanawake walilia mpaka mitandio ikalowa. Aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Bi Macho alikuwa ametulia. Shingo haikufanya kazi tena, mikono ilishuka, uso ulipumzika kama wa mtu aliyetua mzigo. Marehemu alifahamu palepale kwamba kazi yote ameihamishia kwenye sauti, na sauti wameifunga wao. Mwishoni mwa picha mtoto wake wa pekee anaondoka nyumbani kwenda vitani. Mama amesimama jikoni, ametupa mgongo, hageuki. Mtoto yuko mlangoni. Mama anasema neno, tena fupi, kwa sababu bega linainuka mara moja tu. Uso hauonekani. Marehemu hakuwa na cha kusoma, na wanawake walikuwa wakingoja, basi akabuni: akamfanya mama aseme kwaheri ndefu, amwombee dua, amkumbushe titi alilonyonya. Ukumbi mzima ulilia. Yeye alitoka akiwa na uchungu. "Nilimziba mchu mdomo," alikuwa akisema. "Alikuwa na neno lake, nami nikamkatia kauli."

Nassoro alimwona, akamwambia kwamba angemwonyesha tena picha ile kwa sauti yake, lakini mashine iko katika chumba kidogo juu ya ngazi, na binti wa watu hawezi kupanda huko na mwanamume asiye wake. "Ungekuwa mke wangu," akasema, "ungepanda ukamsikiliza mpaka ukamchoka." Posa ilipelekwa wiki ileile. Hakuna aliyejua kwamba haraka ile ilikuwa ya sinema. Mzee Badi naye alijibu kama wazee wanavyojibu, kwamba watafikiri, na alipokwisha kufikiri picha ilikuwa imeshakwenda Mogadishu, wala haikurudi tena.

Waliozeshwa tarehe 11 Julai 1969, na ndoa ikadumu miaka thelathini na minne. Walijaliwa Tariq na Rawda. Mara nyingi marehemu alimuuliza mumewe, aliyeisikia picha ile siku za wanaume, sauti ilikuwaje. Nassoro, mtu mwema, alijibu, "Sauti ya mwanamke." Akiulizwa tena aliongeza, "Mwanamke mchu mzima." Marehemu alisema lau angeolewa na mchu mwenye masikio angekuwa na raha duniani.

Mwaka 1991, vita vilipofika, walitoka Kismayo kama walivyotoka wengi wenu, kupitia Ras Kamboni hadi Kiunga, na kutoka huko hadi kambini Mombasa. Hatutaki kuyarudia hayo leo. Nassoro alifariki Mombasa mwaka 2003 kwa maradhi ya kifua. Kambini marehemu aliendelea na kazi yake kwa namna nyingine: wanawake waliketi jioni, naye akawasimulia picha za Bi Macho bila pazia na bila mashine. Ile ya jikoni hakuisimulia hata mara moja. Jina la picha hakuna aliyelikumbuka, na katika maduka ya video ya Mombasa walimcheka Tariq alipoulizia.

Masikio yalianza kumtupa mkono mwaka 2011. Daktari alisema mishipa imechoka. Aliporudi Kismayo na Rawda mwaka 2016 alikuwa hasikii adhana, naye alihuzunika kwa hilo kuliko kwa nyumba iliyoporwa. Sisi alitusoma midomo. Kazi hiyo aliijua tangu ujana, na aliyejaribu kumsengenya mbele yake alijuta.

Mwezi wa Oktoba 2023 Tariq alipiga simu kutoka Norway. Ameipata. Kulikuwa na watu huko Ulaya wanaosafisha picha za kale na kuziweka wazi kwa kila mtu, na katika orodha yao aliona jina la Viola Drayton. Aliituma. Tuliiunganisha kwenye televisheni, Bi Umi akaitwa, na marehemu akavaa leso mpya. Alijua hatasikia. Alisema hata hivyo aitazame, sisi tumsikilizie.

Aliitazama mpaka pale jikoni. Mama akatupa mgongo. Bega likainuka mara moja. Marehemu akatugeukia upesi, akatutazama midomo yetu mmoja mmoja.

"Asemaje?"

Rawda akamwambia polepole: "'Funga mlango, baridi inaingia.'"

"Basi?"

"Basi, mama."

Aliomba arudishiwe pale, akarudishiwa. Kisha akauliza lile ambalo alikuwa amelibeba tangu mwaka 1969: "Amelinena vipi?"

Hapo tulishindwa. Rawda alisema ni kwa upole. Mimi nilisema hapana, ni kwa ukali kidogo, kama anagomba. Rawda akasema ni kama mtu aliyechoka. Tulilisema na sisi, kila mmoja kwa namna yake, na yeye akitazama midomo tu, na midomo yetu yote ilikuwa sawa. Bi Umi alikuwa akilia. Mwisho akamshika mkono akamwambia, "Kama wewe, dada. Sauti ni yako vilevile."

Marehemu akamtazama. "Umi," akasema, "u mrongo tangu Chula." Wakacheka wote wawili, na akaomba televisheni izimwe. Hakuomba kuiona tena. Tulidhani ameshatosheka. Leo tunaona kwamba hakutosheka, na hatukuwa na la kumpa.

Figo zilimsumbua kuanzia mwisho wa mwaka jana. Alilazwa hospitali mara mbili, akaomba arudishwe nyumbani. Siku ya Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, asubuhi, palikuwa na joto la kaskazi ambalo ninyi wenyewe mnalijua, na sote tulikuwa tukijipepea. Tariq alikuwa kwenye simu, uso wake umejaa kioo. Alikuwa amekwisha kumuaga mama yake kwa ishara, kwa sababu zamu yake ya kazi ilikuwa imefika. Marehemu alikuwa ameelekea ukutani, ametupa mgongo. Hakugeuka. Akasema, "Funga mlango, mwanangu. Baridi yangia."

Tariq hakufika kazini. Marehemu alikata roho kabla ya adhuhuri, akazikwa alasiri ile. Na sisi tuliokuwamo chumbani tuliisikia ile sauti, na Tariq aliisikia kule Norway. Haikuwa ya upole wala ya ukali, na mkituuliza ilikuwaje, tutashindwa kama tulivyoshindwa siku ile. Katika chumba kizima yeye peke yake hakuisikia.

Ameacha watoto wawili, Tariq wa Norway na Rawda wa Kismayo. Wajukuu Tasnim, Iman na Abdulmalik. Ndugu yake Mukhtari aliyeko Chula. Na Bi Umi, ambaye hakuzaliwa naye tumbo moja lakini msije mkamwambia hivyo.

Mola amlaze mahali pema, amsamehe alipokosea, amrudishie masikio yake, na amsikilizishe.