Plasta Juu ya Taa ya Oili

Benchi la kinyozi lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na aliyekaa upande wa tofali alijua asitikisike. Kila siku baada ya saa tisa wenyewe walikusanyika hapo, wakanywa kahawa ambayo kinyozi aliichemsha mlangoni mwa duka lake, kati ya kichwa na kichwa. Dokta hakuwa daktari. Alikuwa mlinzi wa duka la dawa kwa miaka ishirini, na elimu yote ilikuwa imemwingia akiwa amesimama mlangoni. Fundi injini alivuka barabara kutoka gereji yake, mikono myeusi hadi viwikoni, akanywa na kusikiliza kuliko alivyosema. Siku hiyo wa mwisho kufika alikuwa Klachi, mwalimu wa udereva, aliyebatizwa hivyo kwa neno alilolipigia kelele mitaani kutwa nzima. Aliegesha gari lake la kufundishia, akashuka na galoni ya oili mkono mmoja na kikopo chekundu mkono wa pili, akaviweka miguuni kwake kama mtu aliyetoka hospitali na dawa za mgonjwa.

— Hicho kikopo cha nini? kinyozi aliuliza huku akimimina.

— Dawa ya kusafishia injini. Unaitia, unaacha injini ingurume dakika kumi, tope lote linayeyuka. Unamwaga uchafu, unaweka hii oili ya sintetiki. Kwisha kazi.

— Tope? Umepita na gari mtoni?

— Tope la oili, bwana. Asubuhi nimefungua kifuniko, nimekuta kitu cheusi kimegandiana mle ndani kama lami.

Fundi alipuliza kahawa yake.

— Gari la kufundishia hilo. Linatambaa gia ya kwanza, linazimika, linawashwa, linazimika tena. Injini haipati hata kuchemka sawasawa. Oili itaachaje kuganda? Umeibadilisha lini mara ya mwisho?

Klachi aligeuka kutafuta sukari, ingawa kahawa yake alikuwa anainywa chungu tangu ujana.

— Mimi naona jambo jepesi kabisa, Dokta alisema. Hiyo injini imefunga choo. Na dawa ya kuharisha hupewa mgonjwa tumbo likiwa tupu. Usilitie petroli tangu leo jioni.

— Dokta, petroli na oili zinapita njia mbalimbali.

— Hata chakula na maji vinapita njia mbalimbali, ila tumbo ni moja.

— Vinapita njia moja, Dokta.

— Wewe fundi umesomea wapi mambo ya tumbo?

— Sijasoma. Nimekula.

Klachi alicheka na wenzake, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Hakuja kutafuta mzaha. Alitaka mtu mmoja tu, yeyote yule, amwambie: mimina, hakuna neno.

Kinyozi aliweka birika chini.

— Msilisikilize hili la choo. Mimi nimenyoa watu miaka kumi na saba. Mtu aliyefuga nywele tangu utotoni, ukimpiga kipara ghafla, kesho yuko kitandani na mafua. Injini hiyo imezoea tope lake. Mle ndani lishaziba kila ufa. Ukilitoa, oili itavuja kila upande. Tope ndilo pakingi!

— Hapo kuna chembe ya ukweli, fundi alisema.

Kinyozi alishtuka. Hakuwa amezoea kuungwa mkono.

— Kuna ukweli?

— Sili iliyochakaa, ule mpira unaozuia oili isivuje, inaweza kuwa imezibwa na uchafu. Ukisafisha, uvujaji unajitokeza. Ila ugonjwa ulikuwepo, wewe umefunua shuka tu.

— Mmemsikia! Fundi na mimi ni kitu kimoja.

— Sikusema hivyo.

Dokta hakukubali kuachwa nyuma.

— Tatizo kubwa ni hiyo sintetiki. Oili ya kawaida inatoka chini ya ardhi, imezaliwa gizani, giza hailiogopi. Hii ya kiwandani imepikwa kwenye mwanga wa taa. Ukiimimina ndani ya injini, penye giza tii, inaingiwa na hofu, inakimbia. Ndiyo maana wanasema inazunguka haraka.

— Inazunguka haraka kwa sababu haiwi nzito injini ikiwa ya baridi, fundi alisema.

— Na uoga pia.

— Shemeji yangu, kinyozi alidakia, alitia dawa kama hiyo. Injini ikasafika, ikawa nyepesi mno! Alichomoa ufunguo, gari likaendelea kunguruma. Akaingia ndani, akala, akaoga, bado linanguruma. Majirani wakamshtaki kwa mjumbe. Lilinyamaza siku ya tatu, petroli ilipokwisha.

— Shemeji gani huyo?

— Yule aliyehama.

— Basi hatuwezi kumuuliza.

— Ndiyo uzuri wake.

Benchi lilitikisika kwa kicheko, tofali likasogea, Dokta akashika ukuta. Ni fundi peke yake aliyekuwa anamtazama Klachi.

— Kaka, niambie kitu kimoja. Taa ya oili inawaka?

— Ilikuwa inawaka.

— Imezimika?

— Siku hizi siioni.

— Huioni kwa sababu imezimika, au?

Klachi alizungusha kikombe mkononi.

— Nimeibandika plasta.

Dokta alimeza funda lililokuwa mdomoni. Kisha akaruka.

— Plasta yangu! Uliniambia umejikata kidole! Nikakupa na pamba!

— Pamba nimeitunza.

— Wiki tatu zimepita! Kila siku nakuuliza kidonda kinaendeleaje, unaniambia kinakauka!

Kinyozi alicheka hadi akalazimika kuketi juu ya kiti chake cha kunyolea. Klachi alijitetea kwamba wanafunzi wanaogopa kile kitaa chekundu, kwamba mtu akiogopa hakanyagi vizuri, kwamba ni wiki tatu tu, kwamba kesho ikipita atalilaza gari gereji. Kesho ndiyo ilikuwa kiini. Kesho saa mbili asubuhi Shangazi, mwanafunzi wake, alikuwa na mtihani wa udereva.

Mtaa mzima ulimjua Shangazi fundi cherehani. Mumewe ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu yao, akipeleka sare za shule alizoshona mkewe. Macho ya mume yalipofifia, pikapu ilibaki uani, na Shangazi akaanza kupeleka mizigo kwa mkokoteni. Baadaye aliamua, akiwa na miaka hamsini na minne, kwamba atajifunza mwenyewe. Alikuwa ameanguka mtihani mara mbili. Klachi alimwapia kwamba ya tatu hataanguka, na hakuwa tayari kumwambia kwamba gari ndilo limeanguka.

Alipoinua macho, alimwona anavuka barabara, daftari kwapani, miwani imepanda kichwani.

— Hamjambo kaka zangu?

— Hatujambo, Shangazi. Karibu kahawa.

— Ahsante, sitakaa. Mwalimu, nimerudia maswali yote usiku na mchana, mume wangu ananiuliza na mimi najibu. Limebaki moja tu linanichanganya.

— Lisome.

Aliteremsha miwani, akafuatisha mstari kwa kidole.

— Ukiwa barabarani, taa nyekundu ya oili ikawaka, dereva unafanya nini?

Kinyozi aliinua birika, akalitikisa, akalirudisha. Dokta aliangalia kidole cha Klachi kisichokuwa na kidonda. Fundi alikodolea macho viatu vyake.

— Jamani, Shangazi alisema. Wanaume wanne, na nyote mnaishi barabarani. Hakuna anayejua?

Klachi alihisi masikio yanawaka moto. Alikuwa na jibu. Alikuwa amelifundisha kwa mamia ya watu, akiligongea kwa kidole kwenye dashibodi. Alisimama, akaenda kwenye gari lake, akafungua mlango, akainama. Wakasikia plasta inabanduka. Akarudi nayo imemganda kidoleni.

— Anasimama, alisema. Anazima injini papo hapo. Hamalizi hata safari aliyobakiza.

Shangazi aliitazama ile plasta, akalitazama gari, akafunga daftari taratibu.

— Haya. Na sisi tumesimama?

— Sasa ndiyo tumesimama.

Fundi alikiokota kile kikopo chekundu, akamrudishia Klachi mkononi.

— Hiki kirudishe dukani. Tope likiwa jingi hivyo, dawa kali inalimeng'enya mapande kwa mapande, na mapande yanakwenda kuziba wavu ambao pampu inanyonyea oili. Injini inakauka ikiwa imejaa. Nitashusha sampo, hilo bakuli la oili chini ya injini, nisafishe kwa mkono. Hiyo sintetiki yako ni nzuri, tutaiweka. Tutaimwaga mapema, tuweke nyingine. Itaosha kidogo kidogo yenyewe.

— Na kesho?

— Kesho halitembei.

Mwenye magari mengine ya kufundishia mtaani alikuwa Mama Breki, mwanafunzi wa zamani wa Klachi, aliyefungua shule yake na kutundika kibao kikubwa kuliko cha mwalimu wake. Walikuwa hawajasalimiana mwaka mzima. Klachi alitoa simu, akaenda kusimama mbali, karibu na mtaro. Wenzake walimwona anakuna shingo, anainamisha kichwa, anasema “ndiyo, mama” mara tatu. Alirudi ametota jasho.

— Amekubali. Saa moja na nusu, gari jeupe.

— Amesema nini kingine? kinyozi aliuliza.

— Hayakuhusu.

Gari la Klachi hawakuliwasha. Shangazi alishika usukani, wanaume wanne wakasukuma, wakalivusha barabara hadi gereji. Kinyozi alikuwa bado ana kitana sikioni. Kule mbele Shangazi alitoa kichwa dirishani.

— Dokta, usiegemee, sukuma!

Kesho yake saa sita Shangazi alikuja gerejini moja kwa moja kutoka kwenye mtihani, na karatasi ya kufaulu aliikunja na kuikunjua hadi ikaanza kulegea. Klachi aliisoma mara mbili, akampa mkono, akashindwa kuuachia. Wakati huo fundi alikuwa ametoka chini ya gari, ameshika kitu chenye ukubwa wa kifuniko cha sufuria, cheusi, kimejaa utandu kama masizi yaliyokorogwa na gundi.

— Huu ndio wavu wenyewe, alisema. Hesabuni matundu yaliyo wazi.

Yalikuwa matatu.

Shangazi aliuchukua, akauinua kwenye mwanga, akauchungulia kwa jicho moja.

— Kwa hiyo wiki tatu zote hizi injini ilikuwa inapumulia hapa, na mimi nikaipandisha mlima, nikairudisha kinyumenyume, nikaiegesha kwenye kona, na haikuniharibikia?

— Ndivyo ilivyokuwa, Shangazi.

Alimgeukia mwalimu wake.

— Na hata siku moja hukunisifu.