Ndege wa Mzee Séverin

Hebu fumba macho kidogo, uone nami. Ni saa kumi alasiri, pembezoni mwa Nsemulwa, pale nyumba zinapokwisha na vichaka vya miombo vinapoanza. Jua limelegea, vumbi limetulia. Kuna benchi la mbao lililopinda katikati, na mbele yake birika la Katarina, muuza kahawa, juu ya mkaa. Benchini yupo Amosi wa bodaboda, tunayemwita Profesa kwa kuwa hajawahi kusema "sijui". Yupo Fabiani, yaani Kamati, ambaye kwake kila jambo lina watu nyuma yake. Yupo Mzee Séverin, ambaye macho yake yameingia ukungu. Kikombe anakitafuta kwa kupapasa. Nami nimekaa pembeni, mwalimu niliyestaafu. Ng'ambo ya barabara, kichakani, ndege analia. Anatoa mlio mmoja, anapumzika, anatoa mwingine. Kisha milio inashikana, inateremka mbio, inafifia kama mtu anayepitiwa na usingizi.

— Haya, ameanza, Mzee Séverin akasema. Nyie wenye macho, ni ndege gani huyo?

Ilikuwa wiki ya tatu anauliza. Ndege mwenye sauti kama hiyo alimjulia kwao Moso, Burundi, kwenye kichaka nyuma ya nyumba yao. Mama yake ndiye aliyemwonyesha. Mzee alivuka kuja huku na shangazi yake akiwa na miaka saba. Mama alibaki, hawakuonana tena. Sasa alitaka kujua kama huyu ndiye yule. Basi.

— Tetere huyo, mzee wangu, Kamati akajibu. Amezoea mjini, anaokota pumba mashineni. Kodi ya nyumba imepanda, amehamia porini.

— Tetere analipa kodi? Katarina akauliza.

— Sasa mbona analia?

— Tetere halii hivyo, Profesa akaingilia. Sikiliza mwisho wake, anakimbia. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Maana yake huyo ni ninga, yule wa kijani anayekaa juu ya mikuyu.

— Methali na ninga wapi na wapi, mdogo wangu? Katarina akauliza.

— Ninga yuko juu, hana haraka. Huyu ana haraka kwa sababu ameshuka.

— Basi siyo ninga.

— Dada Katarina, wewe mimina kahawa.

Katarina akamimina. Ndege akalia tena, na kwa muda benchi zima likasikiliza likiwa limeinamia vikombe.

— Nimempata! Profesa akapiga paja. Huyo kazaliwa kwenye daraja la reli kule Ugalla. Treni ikiondoka inaanzaje? Puu. Puu. Halafu pu-pu-pu, inapotea. Kafundishwa na treni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!

Mzee Séverin akatabasamu.

— Mama yangu alikuwa anamwiga hivyo hivyo, na treni alikuwa hajaiona. Alisema anahesabu mayai yake. Anaanza polepole, anakosea, anaharakisha ili asijulikane.

— Mayai mangapi?

— Mawili.

Tulicheka mpaka Katarina akatutupia macho makali. Lakini Kamati hakukubali kushindwa.

— Mimi nasema ile ni spika. Kuna watu wameifunga mtini. Kuna mpango.

— Mpango wa nini?

— Ukijulikana siyo mpango.

Profesa akashusha sauti, akatazama mbali, kama anayeota mchana.

— Au ndege mwenyewe alishaondoka zamani, jamani. Imebaki sauti. Miombo inashika sauti kama chungu kinavyoshika harufu ya samaki.

Lilikuwa neno zuri. Mzee Séverin tu ndiye hakulipenda. Alizungusha kikombe kitupu mkononi.

— Kwa hiyo hayupo, mwana wanje, mwanangu?

Hapo akatokea mama mmoja mwenye ndoo mbili za asali, akaomba kahawa. Jina lake Hana, mfuga nyuki wa Ugalla. Katarina akamweleza mjadala, kuanzia tetere mpaka spika. Hana akapuliza kahawa yake.

— Kati yenu, nani amemwona?

Profesa akamtazama Kamati. Kamati akanitazama mimi, mwalimu, niliyefundisha habari za ndege miaka thelathini kwa picha ya ukutani. Mimi nikatazama kikombe. Hatua arobaini kutoka benchini, wiki tatu, na hakuna aliyevuka barabara.

Profesa akainuka. Alivua kandambili zake zinazopiga kelele, akaingia kichakani pekupeku. Baada ya muda simu ya Kamati ikaita. Kamati akaiwekea sauti kubwa, akaisogeza kwa mzee.

— Yupo, Profesa akanong'ona. Yupo kweli. Yuko chini, anaokota mbegu.

— Sema, Mzee Séverin akasema. Sema polepole.

— Mdogo kuliko tetere. Ile kola nyeusi shingoni hana. Mwili wa kahawia, kichwa kijivu.

— Mdomo? Hana akauliza. Kuna mwenzake wanalia karibu sawa, lakini yule ana mdomo mwekundu, ncha ya njano.

— Huyu mdomo wake mweusi-mweusi.

— Na bawa? mzee akauliza.

— Lina madoa. Mawili. Meusi.

— Meusi?

— Meusi, mzee wangu. Samahani.

Mzee Séverin akarudisha simu kwa Kamati. Akapapasa fimbo yake ili ainuke.

— Subirini! simu ikanong'ona. Amesogea penye jua. Mzee, siyo meusi! Kijani! Yanawaka kama mgongo wa nzi!

Mzee akaketi. Machozi yakamtoka bila kelele.

— Pugi huyo, njiwa mdogo wa vichakani, Hana akasema taratibu. Kwetu tunao wengi, kwenye vichaka vikavu kama hivi. Ukimwachia kichaka, haondoki.

— Kwa nini hukutuambia alama yake ni madoa ya kijani, mzee? nikamuuliza.

— Ningewaambia, mwalimu, mngekaa hapa hapa na mngeona kijani wote. Mnanipenda.

Profesa alirudi na miiba miguuni, akaketi kuing'oa mmoja mmoja. Ng'ambo, pugi akaanza tena kuhesabu mayai yake, na Mzee Séverin akamfuatisha kwa kidole juu ya goti.

Nawe, siku ukimwona, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: madoa yake ni meusi mpaka jua liyaguse. Mngojee kidogo.