Majina Kumi na Tisa Aliyoyafuta Mama Chanzo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Nyaraka,

Sisi wahariri wa kujitolea wa Chumba Namba Nne, hapa maktaba kuu, tunasema karibu sana. Utuwie radhi kwa viti. Hicho ulichokalia ndicho pekee kisichoyumba.

HISTORIA

Kikundi hiki kilianzishwa miaka sita iliyopita na mtunza maktaba mstaafu. Alitukuta tukisoma kamusi elezo ya mtandaoni, akashangaa: "Kumbe hamjui kuwa na nyinyi mnaweza kuiandika?" Akatufundisha kufungua akaunti, kusahihisha na kuweka rejeo. Ukimletea habari ya kusikia tu, anakubana hapo hapo: "Nakuamini, mwanangu. Lakini imechapishwa wapi?" Ndiyo maana tunamwita Mama Chanzo.

MAFANIKIO

Tumeandika makala mia nne na kumi. Hata muuza mitumba wa hapo nje sasa anahariri makala za madaraja, na ubishi wake hauna dawa.

CHANGAMOTO

Kompyuta mbili kati ya tano ni mapambo. Hilo tumelizoea.

Lililotushinda ni makala ya moto wa kiwanda cha magodoro. Mwezi wa tatu, fundi cherehani mmoja, mgeni kabisa kwetu, aliongeza majina ya wafanyakazi kumi na tisa waliokufa. Aliyakusanya kwa jamaa zao, nyumba kwa nyumba. La saba lilikuwa la binti yake Mama Chanzo. Fundi hakujua.

Mama aliyasoma yote, akavua miwani, akaivaa tena. Tukamsihi, "Mama, yaache tu. Nani atauliza?"

"Nitauliza mimi," akasema. "Nikijipendelea leo, kesho nitamfundisha nani?"

Akayafuta yote kwa mkono wake. Kisha akavuta kiti karibu na fundi, akamwelekeza taratibu jinsi ya kutafuta chanzo. Jamani, roho zilituuma.

Chanzo ni kimoja, ripoti ya uchunguzi, ambayo wewe mwenyewe ulisema redioni kuwa ina majina yote. Huu ni mwaka wa kumi na moja imefungiwa ofisini kwako. Mama amekuandikia barua tisa, akajibiwa mara moja: "Inashughulikiwa."

MAOMBI

Tulipanga kuomba kompyuta. Tumeghairi. Tunaomba ripoti ichapishwe, tena wiki hii. Mama Chanzo amelazwa, na daktari hakutuficha kitu.

Mungu akujalie afya, Mheshimiwa, na ambakishie Mama siku za kuliona jina la mwanawe likikaa pale bila kufutwa.

Ni sisi, Wahariri wa Chumba Namba Nne.

Msomaji wa risala: yule fundi cherehani.