Wagonjwa Kumi na Mmoja Wasiohesabiwa

Tarehe 31 Desemba 1957 Bwana Egbert Rweyemamu, dresa, yaani mwuguzi msaidizi, wa zahanati yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Alianza kwa kufua bendeji. Kiingereza alijifunza kwenye vibandiko vya chupa za dawa, na hata leo akikizungumza utadhani anakuelekeza unywe vijiko vingapi.

Mwaka 1938 daktari wetu wa wakati huo alichapisha makala katika jarida la utabibu. Aliandika kwamba wagonjwa thelathini wa malale walichomwa dawa mpya na macho ya wote yalibaki salama. Sisi tulipiga makofi. Bwana Rweyemamu aliisoma mara nne, kamusi mkononi, akitafuta mwandishi alitaka kujua nini, alimpima nani, na alimwacha nani. Kisha akafungua rejista. Waliochomwa walikuwa arobaini na mmoja. Kumi na mmoja walitajwa chini kabisa ya makala, kwa maandishi madogo: hawakurudi, kwa hiyo hawakuhesabiwa.

Akaomba likizo, akawatafuta kwa miguu. Wawili walikuwa wamekufa. Watatu hakuwapata. Sita walikuwa vipofu. Kule Kanoni alimkuta Bibi Kokwijuka akipapasa migomba yake. Alimwamkia, akamuuliza kwa nini hakurudi zahanati.

"Nirudi vipi, baba?" alijibu bibi. "Njia ningeiona kwa macho ya nani?"

Bwana Rweyemamu aliliandikia jarida ukurasa mmoja, bila tusi. Alisifu kilichopimwa vizuri, kisha akaonyesha kwamba waliokosekana ndio hasa waliodhurika. Barua haikuchapishwa. Daktari alimwita mbele yetu.

"Kazi yako ni kuchoma sindano, si kunisahihisha."

"Basi hii sitaichoma tena, bwana mkubwa."

Alishushwa cheo, akawa mfagizi wa ghala la dawa kwa miaka mitano. Sindano ziliendelea. Nilizichoma mimi. Watu wengine wanne walipofuka kabla daktari mgeni hajasoma nakala ya ile barua na kuamuru macho yapimwe kabla ya kila sindano.

Aliporudishwa kazini hakunilaumu. Aliniketisha, akanifundisha kusoma makala mstari kwa mstari, na madresa wote wa hapa wamepitia mikononi mwake.

Bwana Rweyemamu, tunakushukuru. Mimi nakuomba pia msamaha, maana miaka yote hii sikuthubutu kuutamka. Wewe na mkeo, Mama Adelgunda, mkaishi kwa amani huko kwenu Ndama, na kahawa yenu izae vizuri.

Cassian Mutalemwa, dresa