Elius Bado Anaangalia

Makambako ikiamka na ukungu, watu wa kijiwe cha kahawa cha Hilary huwaoni mpaka ukaribie kuwakanyaga. Benchi lenyewe ni mabanzi ya mpaini kutoka kiwanda cha mbao cha jirani, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la simu, na hapo ndipo wanaume watatu wazima, wenye wake na mashamba, huketi kila asubuhi kubishana kuhusu watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Joackim wanamwita Spoila, maana atakupa mwisho wa tamthilia kabla hujauliza mwanzo. Polikarpo ni Inspekta, ingawa polisi alikwenda mara moja tu, kuripoti baiskeli iliyoibwa, na baiskeli haikuonekana hadi leo. Anold ni Admini, kwa kuwa akaunti ya kuangalizia tamthilia kwenye simu ilifunguliwa kwa jina lake. Humo ndani kila mmoja ana jina lake na kapicha kake. Jina la nne ni la Elius, mpiga randa wa kiwandani, na Elius hajaonekana kijiweni mwezi mzima.

Asubuhi hiyo Anold alikuwa hana raha. Wengine walimkumbuka Elius kwa mzaha, yeye alimkumbuka kwa sababu alimpenda. Mara ya mwisho alimwona akilowanisha andazi kwenye kahawa mpaka likawa uji, ndipo akalimeza, tena kwa kufumba macho. Walicheka wote. Wakasema koo limekwanguliwa na ulanzi, pombe ya mianzi.

— Sikilizeni, alisema Spoila akipuliza kahawa. Tamthilia ni za Wakorea. Mturuki anakulisha epsodi mia moja, watu wanatazamana tu, mara kamera kwa huyu, mara kwa yule. Mkorea epsodi ya kwanza maiti tatu.

— Acha zako, alisema Inspekta. Maiti siyo utamu. Utamu ni kumjua muuaji. Ile ya daktari wa mji wa barafu, mimi nilimshtukia yule nesi mapema tu. Mtu gani anatabasamu wodini?

— Nesi siye. Ni baba mkwe.

— Spoila, wewe! Mimi niko ya sita!

— Ngoja ngoja huumiza matumbo, kaka. Ungeangalia mapema.

Hilary akacheka, akaongeza makaa chini ya birika. Anold hakucheka. Alikuwa ameshika simu, ameligusa jina la Elius.

— Jamani, Elius kaangalia tena, alisema. Jana alikuwa epsodi ya nne. Leo yuko ya tano.

Wote wakasogea. Kweli, kale kamstari kekundu kanakoonyesha mtu alipofikia kalikuwa kamesonga mbele.

— Kila siku kanasonga kadogo tu, alisema Anold. Dakika mbili, tatu, basi. Na ni asubuhi, muda huu huu tunaokaa hapa.

— Huyo kapata mwanamke Njombe mjini, alisema Spoila. Anaiwasha, mwanamke anamwambia zima, anazima. Kesho hivyo hivyo. Penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika.

— Mwanamke gani? Fundi anaacha randa zake kiwandani kwa ajili ya mwanamke? Inspekta alishusha sauti. Elius aliona kitu. Mbao zinapakiwa pale, nyingine hazina hata muhuri wa misitu. Kaona, kaonwa. Kajificha.

— Bana wewe! alisema Spoila.

— Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Au wamemteka, na anayeangalia siyo Elius. Ni anayemlinda. Zamu yake inaanza asubuhi, anawasha, mkubwa wake akitokea anazima.

— Aa, hapo umenena, alisema Hilary, ambaye hana hata simu ya kuangalizia. Labda wako Lupembe, kwenye mashamba ya chai. Nani atamtafuta mtu ndani ya chai?

Anold aliyaona hayo mashamba, akamwona Elius amefungwa mikono.

— Si tumpigie tu, alisema. Namba ninayo.

Inspekta akamshika mkono.

— Admini, unataka kumuua? Tumeona mara ngapi? Mtu yuko mafichoni, kajibana nyuma ya mlango, rafiki mjinga anapiga, simu inaita, wanamsikia. Kwisha. Majuto ni mjukuu.

— Hiyo noma kweli, alikiri Spoila. Kwenye ile ya Wahispania alikufa hivyo hivyo.

— Na ujumbe?

— Ujumbe unawasha kioo. Gizani kioo ni taa.

Anold akaizima simu. Si kwamba aliamini yote. Aliogopa. Na mwoga akipewa sababu yenye sura ya busara huipokea kwa mikono miwili, wala haigeuzi kuitazama upande wa pili. Hivyo ndivyo alivyofanya juzi, na jana, na wiki iliyopita.

Ukungu ukamtoa mwanamke aliyejitanda kitenge, viatu vina udongo mwekundu.

— Kamwene, kaka zangu. Hapa ndipo kwa Hilary?

— Kamwene, dada. Ndipo. Karibu kahawa.

— Asante, sitakaa. Naitwa Eveline, natoka hapo Wanging'ombe. Nimefuata randa za kaka yangu, Elius. Tumemzika Jumamosi.

Spoila akaweka kikombe chini.

— Alikuwa nyumbani? aliuliza Anold.

— Nyumbani, kitandani. Koo. Hospitali walituambia ni kansa, imeshaenea, tukarudi naye. Sauti ikakatika, ikabaki simu tu. Kila asubuhi ananionyesha kwa kidole nimwashie tamthilia. Haangalii. Anaiacha icheze kidogo, anaizima, anaiweka kifuani. Nikamuuliza, kaka, unafanya nini? Akaniandikia kwenye kioo, wenzangu wataona nipo, watapiga.

Birika lilikuwa linachemka. Hilary hakulitoa.

— Nikamwambia basi niwapigie mimi. Akakataa kwa mkono. Mnamjua, hakupenda kuomba. Alipofariki sikuacha kuiwasha, na leo asubuhi nimeiwasha mimi. Hata kuzika, mchungaji alitaka tuanze mapema, mimi nikamsihi angoje. Nilisema, watu wa Makambako hawawezi kukosa, si mbali.

Akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Anold kuliko matusi. Alikuwa na sura ya mtu anayeuliza njia.

— Hivi, kaka zangu, hakuna aliyekuwa na namba yake?

Spoila, mwenye mwisho wa kila kitu, alitazama chini. Inspekta akageuzia uso kiwandani, ambako msumeno ulikuwa umeanza kulia. Anold akaiingiza simu mfukoni. Eveline akadhani kelele za msumeno zimelimeza swali lake, akasogea karibu kidogo, akauliza tena.