Fundi Gervasi Ruhoza, Aliyekataa Kusemewa

Baba Paroko, wazee wetu wa Simbo, majirani wa Gungu, wakwe zetu wa Ujiji na nyote mliokuja kutushika mkono, aliyelala mbele yenu ni fundi Gervasi Feliksi Ruhoza, na anayewasomea maisha yake ni mdogo wake, Dismasi, ambaye atatajwa humu mara kadhaa, si mara zote kwa sifa njema, naye anaomba mumvumilie kama anavyojivumilia mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 kijijini Simbo, mtoto wa tatu wa Mzee Feliksi Ruhoza na Mama Yuliana, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumchapa kwa kosa moja tu, la kufungua kila kitu chenye skrubu, ikiwemo saa ya mwalimu mkuu, ambayo, haki ya Mungu, baada ya hapo ilitembea vizuri kuliko mwanzo.

Mwaka 1979 alihitimu kozi ya ufundi wa umeme mjini Tabora, na tarehe 2 Machi 1981 akafungua kibanda chake Gungu, akatengeneza redio, baadaye simu, baadaye tena taa za sola za wavuvi wa dagaa, na kwa miaka arobaini hakumwambia mteja hata mmoja kwamba kitu chake kimekufa, alisema tu kimenyamaza. Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Devota Martini, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa, wakajaliwa watoto watatu, Bariki mwaka 1990, Lukas mwaka 1994 na kitindamimba wao Agape mwaka 2001.

Mwezi Februari 2021 chuma cha kulehemu kilimdondoka mkononi, akakiokota, kikadondoka tena, na baada ya vipimo vya miezi mingi tukaambiwa ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, ambao huchukua mikono, miguu na sauti lakini akili huiacha nzima. Kufikia Novemba 2022 alikuwa hatamki neno, na hata kope zilichoka mno, ile ishara ya kufumba mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana ikawa haisomeki. Hapo ndipo Dismasi alipojipa kazi ambayo hakutumwa, kila aliyekuja alijibiwa kwamba kaka anashukuru, kaka anataka kulala, na kwa sababu kaka anataka utulivu kitanda kikahamishiwa chumba cha ndani, na yote hayo kaka hakuyasema.

Mei 2023 alifika Daktari Fatu Omari, mtafiti kutoka Dar es Salaam lakini binti wa Ujiji kabisa, ambaye baba yake alikuwa mteja wa kibanda, akiwa na kofia yenye nyaya nyingi inayosikiliza umeme mdogo wa ubongo kwa nje, bila kupasua kichwa, na kuupeleka kwenye kompyuta. Mtaani wakasema ni Frimasoni, mzee anaibiwa mawazo, na Dismasi bila haya akatangaza kwamba kaka hataki, ndipo Devota alipomuuliza shemeji yake lini alianza kuota kichwa cha pili, akamwinamia mumewe, akamweleza neno kwa neno, na kope zikafumba mara moja, polepole, zikaeleweka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, herufi zinawaka kwenye kioo cha kompyuta moja baada ya nyingine, mgonjwa anawaza kufumba ngumi pale inapowaka ile anayoitaka, kompyuta inanasa wazo hilo, na akili mnemba iliyomo ndani inabahatisha neno linalokuja ili kumpunguzia safari. Wiki tatu zikapita patupu, hadi siku wazee wawili wa Simbo walipokuja kumwona, wakainama, wakapiga makofi ya salamu kwa desturi ya Waha, mwakeye, mwakeye, na mistari ya umeme wa ubongo kwenye kioo ikaruka juu, daktari akakimbilia waya akidhani umelegea, na Devota akacheka hadi akakaa chini, akamwambia, mwanangu, acha waya wako, huyo anaitikia. Maana Muha aliyelelewa hawezi kupigiwa makofi akabaki hivi hivi, mikono ikikataa atayapiga moyoni, basi ngumi ikaachwa, akaambiwa awaze makofi.

Tarehe 17 Juni 2023, baada ya miezi saba ya kimya, fundi Gervasi alisema neno lake la kwanza, nalo lilikuwa UJI SUKARI NYINGI. Devota, aliyekuwa akiongeza vijiko kwa mapenzi, alilia na kucheka kwa pamoja, na neno la pili likawa NITOENI NJE, tukakirudisha kitanda barazani siku ile ile, na Dismasi ndiye aliyebeba upande wa kichwani, kimya.

Kimya hicho hakikudumu. Tarehe 20 Januari 2024 wakwe walikuja kumposa Agape kwa ajili ya Heritier, kijana wa Ujiji mwenye asili ya Kongo, wakiongozwa na baba yake, Mzee Jean, na kwa kuwa neno la mwisho ni la baba, kioo kikawekwa mbele ya wazee, kompyuta ikapendekeza yenyewe NIMEKUBALI, kulichagua kulihitaji kofi moja tu la moyoni, na marehemu akaliacha lipite. Akaanza M, kisha U, kisha U, mashine ikabahatisha MUUGUZI, Dismasi akaruka juu kuwaambia wageni kaka kazidiwa, anaita muuguzi, kikao kiahirishwe, Devota akamvuta koti akaketi, na baada ya dakika ishirini na tano, herufi kumi na nne, watu wakasoma MUULIZENI AGAPE. Jamani, hakuna aliyekuwa amemuuliza! Agape akasema anamtaka Heritier, ila amalize kwanza chuo cha uuguzi, Mzee Jean akacheka, akakubali, na tarehe 5 Julai 2025 tukacheza harusi hadi jua likazama Kongo, baba wa bibi harusi katikati yetu na kofia yake ya waya.

Kufikia hapo mashine ilikwishajifunza namna yake ya kusema, mara nyingine ilimjibu mgeni kabla yeye hajawaza, naye akafuta kwa hasira, ndipo mwezi Septemba Daktari Fatu alipomuuliza kwa uwazi, kwamba siku akiondoka mashine inaweza kuendelea kuongea na familia kwa maneno kama yake, je, angependa. Lukas alitaka sana, Agape alilia, na marehemu akaomba apewe muda.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa kwa Devota, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Familia inamshukuru Daktari Fatu na wenzake, wauguzi waliopanda bodaboda kuja kwetu kwenye mvua, majirani wa Gungu, mafundi wenzake na wavuvi waliomwashia taa siku zote hizi. Jibu lake kwa daktari lilichukua siku mbili, lipo hapa kwenye karatasi, nalisoma kama lilivyo: MASHINE IFUTENI. ASEME DISMASI. AKIKOSEA MSAHIHISHENI.

Imefutwa jana mbele ya watoto wote. Nimesema, kaka, kwa mara ya kwanza umenituma. Pumzika, na amani ya Bwana ikae nawe.